Mafuta ya Kufika Mombo

Mume wangu akirudi safari hakuwa mtu wa kuingia ndani moja kwa moja. Aliweka begi barazani, akaitikia shikamoo za watoto, kisha akachukua ufunguo wa gari langu kwenye msumari na kwenda kuliwasha. Haliendeshi. Analiwasha tu, anainama kuangalia mshale wa mafuta, anazima, ndipo anaingia ndani kuomba maji ya kunywa. Nilidhani ni mazoea ya kazi. Yeye ni dereva wa malori, na dereva wa malori hata akiwa harusini akili yake iko kwenye tangi. Nilikuwa namtania kwamba siku nikifa ataangalia mshale kwanza ndipo alie.

Siku moja alitoka kwenye gari akasimama mlangoni pa jiko. "Mama," akasema kwa ile sauti yake ya upole, "wiki hii ulipitia wapi?"

"Korogwe. Kwani huwa napitia wapi?"

"Korogwe tu?"

"Korogwe tu. Nimeenda, nimechukua vitambaa, nimerudi."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuoga, akala, hakuligusa tena jambo lile. Mimi ni mtu wa maneno. Mtu akinigombeza nitamjibu, tutapandishiana sauti, yataisha, tutakula. Lakini mtu anayeninyamazia ananichanganya kabisa, na usiku ule nililala bila kujua nimeulizwa nini.

Nashona nguo hapa Handeni, sare za shule zaidi, na kila wiki naenda Korogwe kwenye duka la jumla kuchukua vitambaa. Hilo gari dogo alininunulia yeye, limekwishatembea sana huko Japani kabla ya kufika kwetu, ili niache kuhangaika na marobota kwenye basi. Utaratibu wetu ulikuwa mmoja. Kabla hajaondoka na lori anajaza tangi la gari langu, na akirudi anatarajia kulikuta limebaki kiasi fulani. Kichwani mwake kila njia ina kiasi chake cha mafuta. Wenye malori ndivyo wanavyowapimia madereva, na madereva nao ndivyo wanavyojifunza kuwazunguka wenye malori.

Safari iliyofuata aliporudi hakuuliza tena nilipitia wapi. Alikaa kwenye mkeka, akavua saa, akasema, "Mafuta yaliyopungua ni ya kutoka Korogwe kufika Mombo na kurudi."

Nilishika sufuria nikasahau nilikuwa naipeleka wapi. Mombo yupo mtu aliyeleta posa kwetu kabla yake. Wazee walikuwa wamekwishapokea na barua, kisha mambo hayakwenda, basi, ikawa haikuandikwa. Ameoa, ana watoto, anauza mbolea na mbegu. Sura yake siikumbuki vizuri, nakumbuka tu kwamba alikuwa na meno mazuri. Sijawahi kumwambia mume wangu habari za meno, na siku ile nilishukuru.

"Haya, angalia kilometa," nilisema. "Si hizo hapo kwenye dashibodi? Gari litafikaje Mombo bila kilometa kuongezeka?"

Alicheka kidogo, kicheko cha huzuni. "Mke wangu, miaka yote hii nimeendesha malori. Unadhani sijui kilometa zinavyosimamishwa? Unachomoa waya mmoja tu."

"Waya upi?" niliuliza, nusu kwa hasira na nusu kwa kutaka kujua kweli.

"Unaona," akasema. "Unajifanya hata waya huujui."

Hakutamka neno talaka. Alisema tu kwamba Ramadhani ilikuwa inakaribia, kwamba angerudi kufungia nyumbani, na kwamba tungekaa na wazee tuone kama haingekuwa vizuri mimi nikapumzike kwetu kidogo. Mwanamke yeyote wa huku anajua maana ya kupumzika kwao kidogo. Wengine wamepumzika hadi watoto wao wameoa.

Sasa, gari lenyewe lilikuwa na shida kweli. Taa ya njano ya injini iliwaka mara ya kwanza nikiwa njiani karibu na Sindeni. Ekzosi ikaanza kutoa moshi mweusi nikiliwasha asubuhi, na ndani kukawa na harufu ya petroli iliyoganda kwenye vitambaa mpaka mwalimu mmoja akanirudishia sare akisema watoto watanuka kama kituo cha mafuta. Nililipeleka kwa fundi wetu wa hapa Handeni, mtu mchangamfu, anafanya kazi huku anaimba. Alifungua plagi akanionyesha. Zilikuwa nyeusi tii, zimejaa masizi kama chini ya sufuria ya kuni.

"Plagi zimekufa, mama," alisema. Akaweka mpya. Kisha akalegeza waya wa betri, akaenda kunywa chai, akarudi akaufunga. Nilipowasha, taa haipo. "Na taa nimekuzimia," akasema kwa fahari, nami nikamshukuru kwa moyo wote.

Taa ikarudi, nikarudi kwake, akalegeza waya, ikazima. Ikawa ndiyo desturi yetu, kama mtoto wa homa anayepewa dawa ya kutuliza kila ikipanda. Akasafisha hiki, akabadilisha kile, na kila mara alimalizia na ule waya wa betri. Tatizo likawa kwamba mume wangu akirudi na kuwasha gari, dashibodi ni safi. Namwambia gari bovu, taa inawaka. Ananiuliza, "Taa gani?" Na mimi naangalia pamoja naye, na kweli, taa gani?

Nikaanza kutafuta mwizi. Nikasema kuna mtu ananyonya mafuta usiku kwa mpira. Nikachukua uzi wa kushonea, nikaubandika kwenye kifuniko cha tangi kwa gundi ya vitambaa, ili atakayefungua aukate. Kila asubuhi nilikwenda kuangalia kabla sijanawa uso. Uzi uko palepale, mzima, umepigwa na umande. Hakuna mwizi, siendi kokote, na mafuta yanaisha. Nilifika mahali nikawa naikumbuka kila safari ya Korogwe hatua kwa hatua, niliegesha wapi, nilikula nini, kana kwamba huenda kweli nilikwenda Mombo nikasahau. Nilijiogopa.

Mwenye duka la vitambaa ndiye aliyeniambia kwamba Korogwe kuna fundi mwenye mashine ya kupimia, unaichomeka chini ya usukani inasema gari linaumwa nini. Nilikwenda nikiwa na matumaini ya kupata hukumu. Fundi akachomeka mashine, akasubiri, akasoma.

"Mama, gari lako halina kosa hata moja. Lina afya kuliko mimi."

"Mbona linakula mafuta?"

"Labda mguu wako mzito."

Karibu nimpige kwa kiatu. Nilikaa kwenye tairi kuukuu pale gereji, machozi yananitoka bila aibu. Akashtuka, akaniletea maji, akaanza kuniuliza pole pole nani amekuwa akilitengeneza. Nilipofika kwenye waya wa betri akanikatisha. "Lini mara ya mwisho?"

"Leo asubuhi. Nilimwambia naenda safari, akanizimia taa."

Alicheka mpaka akajishika magoti. Akanieleza kwamba kosa likitokea kompyuta ya gari hulihifadhi, na ule waya ukilegezwa kumbukumbu yote hufutika. Fundi wetu wa Handeni, kwa wema wake na nyimbo zake, alikuwa anafuta ushahidi wangu kila wiki. "Nenda nalo hivi hivi," akasema. "Taa ikiwaka, mtu asiiguse. Lilete gari hapa taa ikiwa inawaka."

Ikawaka siku ya nne, nikitoka sokoni. Nilivyoiona niliipigia makofi. Wiki nyingine yote nikawa mwanamke anayeomba taa ya ubovu isizimike, na fundi wa kwetu akinipungia mkono barabarani namkwepa kama mtu ninayedaiwa.

Safari hii mashine ilisema: sensa ya oksijeni. Nikamwambia fundi anieleze kama anavyomweleza mtu asiyejua kitu, kwa sababu ndivyo nilivyo. Akasema ile ni pua ya gari. Inakaa kwenye bomba la moshi, inanusa moshi unaotoka, inaiambia kompyuta iongeze petroli au ipunguze. "Ikifa inaweza ikawa inasema moja tu: ongeza, ongeza. Umewahi kuona mpishi mwenye mafua? Hasikii ladha, anaweka chumvi tu."

Hilo nililielewa kuliko yote niliyoambiwa mwaka ule. Nikadhani tumemaliza. Kumbe pua ziko mbili, moja kabla ya masega ya kuchujia moshi na moja baada yake, na fundi wangu akaanza na ile ya nyuma, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuifikia na ilionekana chafu zaidi. Akaibadilisha. Nikarudi Handeni nikiimba kama fundi wa kwetu. Kabla sijapita nusu ya njia taa ikarudi, na mshale ukaendelea kushuka kama kawaida yake. Kila nilipofikiri nimeshika kitu mkononi, nikifumbua naona hewa.

Niliporudi Korogwe hata fundi mwenyewe alikuwa amechanganyikiwa, akakiri. Alikaa na mashine mapajani injini ikinguruma, anaangalia namba za ile sensa ya mbele. "Ikiwa nzima namba hii hucheza, inapanda na kushuka. Hii imelala chini. Inasema petroli haitoshi."

"Kwa hiyo imekufa."

"Ama imekufa, ama ni nzima na inasema kweli. Huenda kuna hewa inaingia pasipotakiwa, petroli ikawa haitoshi kweli."

"Sasa tutajuaje kama inasema kweli au uongo?"

"Hapo ndipo penye kazi," alisema.

Akakagua mipira ya hewa mmoja mmoja, hakuona tundu. Akakagua bomba, halivuji. Mwisho akachukua kopo la dawa ya kusafishia, ambayo injini huichoma kama petroli, akaipulizia ndani ya njia ya hewa. Injini ikakohoa, nyuma ukatoka moshi mweusi ukatufunika sote. Sensa yoyote yenye uhai ingeruka. Tukaangalia namba. Imelala palepale.

"Moshi wote huu," fundi alisema, "na bado inasema hakuna petroli."

"Hii sensa naijua," nilimjibu. "Nimeolewa nayo." Hakuelewa, na sikumweleza.

Alinipatia nyingine, akaifunga. Sauti ya injini ikatulia, harufu ikaisha. Ile mbovu nikaiomba, nikaifunga kwenye kipande cha kitambaa cha sare. Nikampigia mume wangu simu papo hapo, alikuwa njiani na mzigo, nikampa fundi aongee naye mwenyewe. "Kaka, sensa ilikuwa imekufa, gari lilikuwa linamwaga petroli bure," fundi akasema. Nikasikia upande wa pili, "Sawa fundi, ahsante sana." Kisha akataka aongee na mimi.

"Huyo fundi ni kijana?"

"Mtu wa makamo."

"Haya," akasema, akakata simu. Ile haya nimeigeuza pande zote na hadi leo sijui ilikuwa haya ya namna gani.

Alirudi siku ya vunjajungu. Nyumba nzima ilikuwa kwenye pilikapilika, majirani wanaingia na kutoka kuombana msamaha kama ilivyo desturi yetu kabla ya mwezi kuandama. Watoto walikuja kwangu mmoja mmoja. Mimi nikamwendea mume wangu alipokuwa amekaa, nikapiga magoti, nikasema maneno ninayoyasema kila mwaka: "Ramadhani inaingia. Nisamehe niliyokukosea, kwa kujua na kwa kutojua."

Akanishika mkono. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Nimekusamehe," akasema. "Kutoka moyoni kabisa."

Nilisubiri aseme na yeye, "Nami nisamehe," kama asemavyo kila mwaka. Hakusema. Nikaona amechoka na safari.

Wazee hawakuitwa. Habari ya mimi kwenda kupumzika kwetu haikutajwa tena. Mfungo ule alikuwa mume wa kwenye hadithi: analeta tende, anawabeba watoto, ananisifia uji. Alikuwa anakwenda na kurudi safari fupi, akifika anawasha gari, anaona mshale umekaa alipoutaka, anatabasamu. Mimi nami natabasamu. Niliiombea dua sensa ile. Nilijisemea kwamba hatimaye ukweli una mahali pa kusimama, hata kama ni pembeni ya bomba la moshi.

Siku moja tulikwenda kufuturu kwa mama yake. Tulipomaliza, nikawa naosha vyombo, mama mkwe akaja akanikalia karibu kwenye kigoda, akanishika bega.

"Mwanangu, umefanya jambo kubwa. Wanawake wengi hawakubali kosa."

"Kosa gani, mama?"

"Aa, yamekwisha, usiyafukue. Funika kombe mwanaharamu apite. Mwenzio ameniambia: umemwomba msamaha mwenyewe, hukulazimishwa na mtu. Na tangu siku ile gari linatosha mafuta. Sasa tunataka nini zaidi?"

Bakuli liliniteleza majini. Alikuwa ananipapasa mgongo kwa mapenzi ya kweli, na mimi nilikuwa pale nimepiga magoti mbele ya beseni, mambo yananipangikia kichwani. Sensa ilifungwa wiki ile ile niliyoomba msamaha. Machoni pa mume wangu hakuna kilichotengenezwa isipokuwa mimi. Mafuta yameacha kwenda Mombo kwa sababu mke ameacha kwenda Mombo. Nilihisi baridi, na jiko la mkaa liko karibu yangu.

Tulipofika nyumbani nilitoa ile sensa kwenye kitambaa, nikaiweka mbele yake mkekani. Niliongea haraka, nilirudia, nililia, nilieleza pua, mpishi, chumvi, moshi. Alisikiliza yote. Akaiokota, akaigeuza kwenye taa.

"Malori yetu ya zamani hayana hivi vitu," alisema.

"Lile lilikuwa ombi la Ramadhani! Kila mtu anaomba! Hata jirani nilimwomba, na yeye nilimfuata Mombo?"

"Najua," akasema kwa upole. "Ndiyo maana ulichagua siku nzuri."

Nikamwambia basi, ajipimie mwenyewe. Nitachomoa sensa mpya, nitairudisha hii iliyokufa, yeye ajaze tangi kwa mkono wake, aende Korogwe peke yake arudi, aone mshale utakuwa wapi. Nilikuwa tayari kwenda kulala chini ya gari saa ile ile. Akatikisa kichwa.

"Mtu aliyesamehe hapimi," alisema. "Nikipima, ni kwamba sijasamehe."

Siku nyingi nilizunguka na jambo hilo kichwani. Nikirudisha sensa mbovu, mafuta yataisha, na atajua nimeanza tena. Nikiacha nzima, mafuta yatatosha, na atajua nimeacha. Gari bovu linanishitaki, gari zima linanishitaki. Nilifikiri kwenda kwetu mwenyewe, kwa hasira, nikaona nitakuwa nimekiri mbele ya mji mzima. Na hapo katikati kulikuwa na mwanaume anayenipenda kuliko zamani, asiyeangalia tena mshale, anayesifia kila ninachopika. Sikujua nimchukie kwa lipi. Nilijaribu kuchukia gari, nalo lilikuwa linakwenda vizuri mno.

Mwaka ukazunguka, vunjajungu nyingine ikafika. Watoto wakaja, majirani wakaja, nikasamehe na kusamehewa kama kawaida, na muda wote nilikuwa nawaza nitamwambia nini yeye. Nikisema yale maneno, nakiri mara ya pili. Nisiposema, naingia mwezi mtukufu nimeficha jambo. Jioni nikamwendea pale alipokaa. Sikuwa nimeamua bado. Nilikuwa nimefika nusu ya kupiga magoti aliponidaka mkono akaninyanyua, akitabasamu kwa furaha kabisa.

"Mwaka huu usiombe, mke wangu," akasema. "Tangu pale hujanikosea."

Nilisema ahsante.